Ng'ombe Aliyetangulia Kuhama

Mwaka ule niliishi mahali pawili. Mwili ulikuwa Olenguruone, kwa mama, na kwenye kibanda changu cha kushonea kando ya soko. Akili ilikuwa Nakuru. Asubuhi ukungu ulitelemka kutoka msituni ukafunika mashamba, zizi na hata choo, na kwa kuwa sikuona chochote mbele yangu, niliona nilichotaka. Niliona barabara pana yenye jua. Niliona cherehani yangu mlangoni na watu wakipita, wengi, na hakuna hata mmoja anayejua nilizaliwa lini wala kwa nini sijaolewa. Nilikuwa nikisimama hivyo na ndoo mkononi mpaka mama aite kutoka jikoni kuuliza kama nimegeuka mti.

Aliyenitia moto ni rafiki yangu tuliyesoma naye. Alikuwa na duka la kushona sare za shule huko Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, na kazi ilikuwa imemzidi. Alinipigia simu.

"Kuja tu tushone pamoja. Nafasi ya mashine ya pili iko. Lakini siwezi kukungojea milele, sawa?"

Nilimwambia nitafikiria. Nilifikiria miezi minne.

Sikufikiria peke yangu, kwa sababu kwetu jambo la mtu mmoja ni la kanisa zima. Jumapili baada ya ibada akina mama walikaa kwenye nyasi, Nakuru ikamwagwa katikati yao kama gunia la viazi, kila mmoja akachambua. Mama mmoja aliyewahi kuishi huko alisema maji ni ya kununua kwa mtungi, na yale ya kisima yanaharibu rangi ya meno ya watoto. Mwingine akasema heri meno kuliko matope haya yetu, na kule hospitali si safari. Wa tatu akasema kule unaweza kuishi mwaka mzima bila kujua jina la jirani.

"Na hiyo ni mbaya?" akauliza wa nne, na wote wakacheka, maana jirani yake tulimjua.

"Kule hata maziwa inatoka kwa mashine," akasema mwingine. "Unabonyeza tu."

 Mimi nilimwona ng'ombe amesimama nyuma ya ile mashine, mpole, akisubiri mtu abonyeze, na nikamhurumia.

 Mama yangu alikaa pembeni, amenyoosha mguu alioumia mwaka uliotangulia alipoteleza akitoka kuchota maji. Tangu siku hiyo hakuweza kuchuchumaa, na kwa hiyo hakuweza kukamua. Nilikuwa na jibu moja kwa kila aliyeniuliza nahama lini: "Nani atakamua?" Ng'ombe wetu aliwapiga mateke watu wote isipokuwa sisi wawili. Lilikuwa jibu zuri. Halikuwa na mlango wa nyuma.

Jirani yetu, mzee mwenye shamba linalopakana na letu, alilisikia siku hiyo akatikisa kichwa. "Mchagua jembe si mkulima, msichana."

Nilikasirika. Hasira yangu haikai mbali, huwa iko hapo mlangoni na viatu vyake. Lakini mzee hajibiwi. Unameza na kwenda nyumbani.

Nakuru niliishi vizuri zaidi nikikamua. Niliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, joto likaniingia, maziwa yakapiga ndoo, na taratibu nikawa mjini. Katika Nakuru hiyo hapakuwa na vumbi wala kodi ya nyumba. Mama alikuwa na kiti juani, mguu umepona, na wateja walimwamkia wakipita. Povu likifika juu ya ndoo nilirudi Olenguruone, magoti yameganda kwa baridi, na nilikuwa na furaha kama mtu aliyetoka safari.

Alhamisi moja rafiki yangu akapiga tena. Alikuwa amepata fundi mwingine. Angemwambia angoje mpaka Jumatatu, basi.

Jioni nilimwambia mama, tukichambua sukuma wiki. "Nitamwambia hapana. Nani atakamua?"

"Kwani ni ng'ombe tu?"

"Ni ng'ombe tu."

"Haya," akasema mama.

Jumamosi nilishinda kibandani nikimalizia kazi za watu. Niliporudi alasiri, zizi lilikuwa tupu na lango wazi. Nilikimbia jikoni nikipiga kelele kwamba tumeibiwa. Mama alikuwa anamenya viazi.

"Ng'ombe imeenda kwa jirani," akasema. "Nimeiweka."

Kumweka ng'ombe si kumuuza, wala si kumpa mtu bure. Ni mambo ya wazee wetu: unampeleka mnyama wako akae kwa rafiki, yeye anakunywa maziwa na kumlisha, ndama wanabaki wako, na siku ukimtaka unaenda kumchukua. Walifanya hivyo ili ugonjwa ukiingia boma moja usimalize mali yote. Nilijua desturi hiyo. Sikujua kama bado kuna mtu anayeifuata, na sikufikiri ingetumiwa dhidi yangu.

"Na wewe je?" nikamuuliza. Sauti ilikuwa imepanda na sikuishusha. "Nani atakuletea kuni? Nani atachota maji?"

"Mtu anakunywa maziwa ya ng'ombe yako, anaweza kukuacha ulale bila moto?" Akaonyesha kwa kisu. Kuni zilikuwa zimeshapangwa ukutani, na hazikuwa zetu. "Ulisema ni ng'ombe tu. Sasa imeenda, na mzee ataikamua imefungwa miguu."

"Ungeniuliza!"

"Si nilikuuliza?"

Nilitoka bila kuaga. Nilivuka shamba kwa hasira, matope yakinivua kiatu, nikafika kwa jirani. Ng'ombe alikuwa amefungwa chini ya mti, anakula, hata hakugeuka kunitazama. Hilo liliniuma kuliko yote.

"Mzee, nimekuja kuchukua ng'ombe."

Nilitarajia akatae. Aliyeweka ndiye anayechukua, ndivyo ilivyo, na mimi sikuweka. Mungu anisamehe, nilitaka akatae. Ningepata mtu wa kulaumu hadi uzeeni.

Mzee alifungua kamba akaiweka mkononi mwangu.

"Chukua. Mama yako amesema ni yako. Ameiweka kwa jina yako. Ukiitaka leo, ni leo. Ukiitaka baada ya miaka kumi, itakuwa hapa na watoto wake."

Nilisimama na ile kamba. Ukungu ulikuwa unarudi, na kwa mazoea nilitazama ndani yake nikitafuta ile barabara yenye jua. Nikaiona. Watu walikuwa wanapita, hakuna aliyenijua, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba pale mlangoni kwenye cherehani hapakuwa na mtu ambaye ningemwambia naumwa. 

"Naogopa, mzee," nikasema. Nilikuwa sijawahi kulisema hilo kwa mtu, wala kwangu mwenyewe.

"Eeh," akasema. "Hata sisi tulijua."

Alingoja. Ningemshukuru kama angeniambia hata uongo. Mwishowe nikamrudishia kamba.

Jumatatu nilipanda gari la Nakuru linalopita Njoro, cherehani ikiwa miguuni mwangu. Niliogopa njia nzima, na hapakuwa na mtu wala mnyama wa kusingizia.