Soli Iliyolika Vidoleni

Fundi viatu, domo kama spika ya mnadani, aliutangazia mtaa mzima kwamba atamrudisha bintiye, aliye miezi mitatu safarini kwa miguu. Jumamosi akamfuata hadi kwenye njia ya msituni, akamkuta, wakatembea pamoja. Kufika mchana, mzee anahema kama mvukuto.

"Pole, Baba! Umezoea kushona ukiwa umekaa, eh?"

"Nyamaza, mkorofi wee!"

Walipopumzika, binti akampa buti lenye soli iliyoachama. Fundi akaligeuza. Miaka yote husoma watu kwenye soli: anayewaza nyumbani, soli yake hulika kisiginoni. Hii ilikuwa imelika vidoleni.

Akishona legelege, kesho binti atalazimika kurudi naye. Akapitisha uzi mara mbili, akaukaza kwa nguvu zote.

"Huu utakufikisha mwisho wa njia," alisema, akijifanya kutafuta sindano majanini ili binti asimwone macho.