Mguno wa Mama Upawa

Wafuatiliaji wa gorila walimwita Mama Upawa, kwa sababu kila aliyechungulia sufuria yake kabla ya wakati aliondoka na alama ya upawa kisogoni. Kila mchana aliwapandishia maharage msituni, ndoo kichwani, ulimi wake ukimtangulia. Sifa yake kubwa ilikuwa kuyafikisha yakiwa bado yanaunguza. Watu walidai wale wanaume wanalindwa na bunduki. Uongo mtupu, walilindwa na maharage.

Humo msituni hakuna kupiga hodi. Ukiwakaribia gorila unaguna kooni mara mbili, ndipo wanajua ni watu wao. Mama Upawa naye alijifunza, ila kifua chake kilichoharibiwa na moshi wa jikoni hakikumwacha salama: kila akiguna, kikohozi kidogo kilifuata. Dume mkubwa waliyemwita Babu alimzoea hivyo hivyo. Mama Upawa kwa kupenda sifa aliguna hata nyumbani kwa mama yake, mdogo wake wa kiume akimuiga, wakacheka hadi machozi. Mdomo huponza kichwa, na safari hii hakikuwa chake.

Siku hiyo alikuwa karibu kufika aliposikia mguno kwenye mianzi. Mara mbili, halafu kikohozi. Akasimama. Ule ulikuwa mguno wake, na yeye hakuwa amefungua kinywa.

Babu alikwisha inuka. Alitoka majanini taratibu, kama mwenyeji anayekwenda kumpokea mgeni. Mkuki wa kwanza wa majangili ulimwingia shingoni, wa pili tumboni. Akanguruma, akamkamata mbwa wao mmoja na kumbamiza kwenye shina la mti, kisha mapanga yakamshukia, kichwani, mkononi, kichwani tena, damu ikaruka hadi majani ya juu. Jike mwenye mtoto akajilaza juu ya mwanawe. Huyo mtoto ndiye waliyemfuata, maana kulikuwa na mnunuzi aliyemtaka hai, na humpati mtoto wa gorila bila kuwaua wakubwa wake. Mwanamume mmoja akamvuta jike nywele, akainua panga. Alikuwa mdogo wake Mama Upawa.

Dada mtu akamrukia. Ndoo nzima ilimshukia yule usoni. Panga likaanguka, akajishika shavu, ngozi ikabaki vidoleni. Dada akampiga upawa wa mdomo, meno yakatoka, akampiga tena alipokuwa chini, na tena. Wenzake wakamgeukia Mama Upawa wammalize, lakini filimbi za wafuatiliaji zilikwisha sikika karibu, wakatimka wakimburuta majeruhi wao. Jike akatokomea na mwanawe.

Jioni Mama Upawa alimkuta mdogo wake kitandani kwa mama yao, uso umefungwa vitambaa. Mama alikuwa akimpepea huku analia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na huyu alilia huku bado anamchelea. Akauliza ni shetani gani aliyemfanyia mwanawe unyama ule.

"Ni mimi, mama."

Mama akalitazama gauni la bintiye lililokaukiwa na damu. "Ndugu yako wa tumbo moja? Kwa ajili ya mnyama?"

"Alimwita kwa sauti yangu, mama. Naye akaja."

Mdogo wake alijaribu kusema kitu, mdomo ukakataa. Mama Upawa akakohoa kidogo, akasogea pembeni ya mlango ili askari aliokuja nao wapite.