Mafuriko Yaliyotangulia Mvua

Dada yangu hakusomea mvua, wala mito, wala magonjwa. Alisomea uhazili, akaanza kazi masijala ya hospitali, na kwa miaka sita sasa ni mratibu wa miradi katika taasisi ya utafiti wa tabianchi. Kazi yake ni kuwaketisha meza moja watu ambao kila mmoja angependa awe na meza yake. Mtaalamu wa mvua hasomi maandishi ya mtafiti wa jamii. Mtafiti wa jamii husema mtaalamu wa mvua hajawahi kuona mtu akilowa. Dada ndiye anayepanga vikao, anayekusanya takwimu za kila idara na kuzioanisha, na anayejua nani asikalishwe karibu na nani. Pale ofisini wanamwita Gundi. Wanadhani ni utani. Mimi naona ni cheo kikubwa kuliko vyote mle ndani, na ndicho pekee kisichopewa kiti cha kuzunguka.

Mwezi ule alikuwa hatulii. Aliacha bomba likimwagika jikoni akaenda kuandika kitu nyuma ya kiganja. Aliketi, akainuka, akafungua dirisha alilolifunga mwenyewe dakika moja nyuma.

Halmashauri ilikuwa imeiuliza taasisi swali moja. Mvua kubwa ikinyesha milimani, maji huchukua muda gani kuingia kwenye nyumba za bondeni? Muda ukitosha, vingefungwa ving'ora na watu wangeonywa. Usipotosha, kaya zote mia mbili na kumi zingehamishwa. Ripoti ilitakiwa Ijumaa.

Kikao cha Jumatatu alinisimulia neno kwa neno, huku akiizunguka meza yetu ya chakula.

"Karibu kaya zote zinadai maji yaliingia siku moja kabla ya mvua kunyesha," mtaalamu wa mvua alisema. "Basi tuwaulize na mshindi wa uchaguzi ujao."

Mtafiti wa jamii, mama mtu mzima aliyezipita nyumba hizo moja moja kwa miguu, alivua miwani. "Mtu aliyekimbia na godoro kichwani hasahau siku, Profesa."

"Godoro analikumbuka, Mama. Tarehe ndiyo imelowa."

Watu wakacheka. Ikaamuliwa majibu ya kaya yaondolewe, na ripoti iseme hakuna ushahidi wa muda wa kutosha kutoa onyo.

"Unaelewa maana yake?" Dada aliniuliza. "Mtaa mzima unahamishwa kwa sababu Profesa hawaamini."

"Kataa."

"Nikatae kwa digrii ipi, mdogo wangu? Digrii unayo wewe, na unaitumia kuwafundisha watoto kuchora mipaka."

Lakini masijala ilimfundisha kitu ambacho chuo hakikunifundisha mimi: ukitaka kujua daftari linasema nini, kamtazame anayeliandika. Jumatano asubuhi alinipandisha kwenye pikipiki yangu mwenyewe kama mfungwa, tukaenda kituo cha kupimia mvua kule juu.

Kituo chenyewe ni uwanja wa nyasi wenye uzio, kibanda, na kipimo cha shaba kinachofika magotini. Msoma mvua alikuwa mwanamume mwenye ndara na saa mbili mkononi, moja imekufa. Ilipotimia saa tatu kamili alimimina maji kwenye bilauri ya kupimia, akapiga goti, akafumba jicho moja, kisha akaandika milimita thelathini na moja. Pembeni akaandika saa mvua ilipoanza. Halafu akaweka tarehe.

"Mvua hii imenyesha lini, kaka?" Dada akauliza.

"Jana alasiri. Mimi mwenyewe nililowa nikianua nguo."

"Mbona umeandika tarehe ya leo?"

"Si nimesoma leo? Nikiandika jana, mkaguzi atasema leo sikuja kazini."

"Na kwetu makao makuu, kwenye taasisi, wanajua?"

"Walijua. Enzi za fomu za karatasi kulikuwa na mama mmoja kule akizipokea, yeye ndiye aliyekuwa anazirudisha nyuma siku moja. Alistaafu mwaka juzi tulipoanza kutuma kwa simu. Sasa zinaingia kwenye kompyuta zenyewe."

Dada aliegemea uzio. Miaka miwili mvua ya jana imeitwa ya leo, na watu waliolala juu ya meza wakiangalia maji yakipanda wameitwa wasahaulifu. Kazi ya mama yule haikuwa imeandikwa popote, kwa hiyo alipoondoka hakuna msomi hata mmoja aliyejua kwamba kuna kitu kimeondoka.

Nilitaka twende gazetini moja kwa moja. Nilikuwa nimeshawasha pikipiki.

"Ukimuumbua mtu hadharani ataushika uongo wake mpaka aingie nao kaburini," Dada alisema. "Nipeleke ofisini, na usiendeshe kama unavyoongea."

Aliingia kwa mtaalamu wa mvua peke yake, akafunga mlango. Hakumshtaki. Alimwomba amweleze, kama mtu asiyejua, mvua inavyosomwa. Profesa akaanza kwa fahari, akafika kwenye saa ya kusoma, akavuta takwimu zake akaangalia tarehe.

"Nani alikuwa anarekebisha tarehe?" akauliza baadaye.

"Mama wa fomu. Aliyestaafu."

"Barua yake ya kumuaga niliisaini mimi," alisema.

Alhamisi kutwa walirudisha tarehe nyuma, Profesa kwenye kompyuta, mtafiti wa jamii akisoma majibu ya kaya, Dada katikati na rula. Mafuriko yalikuwa tisa. Manane yalifika saa tano mpaka saba baada ya mvua kuanza; muda wa kutosha kabisa kutoa onyo. La tisa lilifika kwa saa mbili tu, na lilizikumba nyumba arobaini zilizo kwenye kona ya mto.

Mtafiti wa jamii alitaka hilo la tisa lisitajwe. "Halmashauri wakiliona, watalishika hilo hilo."

"Mama, juzi tulikasirika majibu yao yalipotupwa," Dada alisema. "Na haya arobaini pia ni majibu yao."

Likaandikwa ukurasa wa kwanza. Ripoti iliondoka Ijumaa alasiri. Wiki tatu baadaye halmashauri ikaamua: ving'ora kwa mtaa wote, isipokuwa zile nyumba arobaini. Hizo zihamishwe.

Taarifa ilikuwa ipelekwe kwa barua. Dada alisema barua haijibu maswali, akaenda mwenyewe, na mimi nikaenda naye. Kwenye mlango wa kwanza mwanamke mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa bado na povu la sabuni.

"Mlisema tukijibu maswali yenu yatatusaidia," alisema.

"Tulisema hivyo."

"Sasa mimi yamenisaidia nini?"

Nilikuwa na jibu refu, la haki na ukweli na kizazi kijacho, na nilifungua mdomo. Dada akanikanyaga mguu. Akaomba kiti. Yule mwanamke akasogeza ndoo, akampa kigoda, na Dada akakaa kusikiliza. Zilikuwa zimebaki nyumba thelathini na tisa.