Kizibo cha Mtumbwi wa Plastiki

Naomba nikiri upuuzi wangu mwenyewe kabla jirani hajawasimulia: Jumamosi iliyopita niliingia bwawani na mtumbwi usio na kizibo.

Mtumbwi wenyewe ni wa marehemu mke wangu, ile kayaki ya plastiki ya rangi ya chungwa aliyoinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama Mgololo. Mtaani kwetu hapa Mafinga waliuita beseni. Yeye hakujali. Kila Jumamosi alikwenda nao kupiga kasia kwenye bwawa la mashamba ya chai, na mimi, mtu wa kiti na redio, nilibaki. Asubuhi nilimfungia viazi vya kuchemsha, nikamjazia chupa ya chai, nikasaidia kuufunga mtumbwi juu ya kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi. Jioni nilisuuza matope, nikafungua kizibo cha nyuma maji yatoke, nikausimamisha ukutani.

"Jumamosi ijayo twende wote, mzee wangu," alikuwa akiniambia.

"Jumamosi ijayo. Leo nina mafua."

"Hayo mafua yako yanajua kalenda!"

Mwaka jana, wakati wa mvua, homa ya mapafu ilimchukua. Siku ya kugawa vitu vyake ndugu walichukua vitenge, masweta, hadi ndoo. Mtumbwi haukuguswa. Shangazi yake akasema, "Huo mwachieni mume, atafulia."

Sikufulia. Nikasema nitimize ahadi. Nilijichemshia viazi, nikajiaga mwenyewe mlangoni. Kule bwawani nikavaa jaketi lake la kuelea, likagoma kufunga tumboni. Dereva wa kirikuu akanisukuma. Sikufika mbali, nyuma kulianza kudidimia polepole, kama mtu anayejiweka kwenye sofa.

"Baba, kizibo kiko wapi?" dereva akapiga kelele.

Kilikuwa nyumbani, kwenye kikombe juu ya kabati, nilipokiweka baada ya safari yake ya mwisho. Miaka yote kazi yangu ilikuwa kukifungua. Yeye alikitia mfukoni asubuhi, akakifunga kule kule bwawani. Na kule mimi sikuwahi kufika.

Nilirudi nimeloa hadi soksi. Nikausuuza mtumbwi uani kama kawaida, nikauinamisha, maji yakatoka. Nikaingiza mkono ndani, nikapapasa hadi mwisho, nikitafuta chochote chake, hata unywele. Hakuna. Nilikuwa nasafisha vizuri mno.

Jirani yetu, aliyekuwa rafiki wa mke wangu, alikuwa anaanua nguo ng'ambo ya ua.

"Kamwene, shemeji. Umenyeshewa na mvua ipi?"

"Nimetoka bwawani," nikamwambia. "Nimetimiza ahadi."

Alinitazama, akautazama mtumbwi, akakunja shuka.

"Shemeji, alikuomba uende na yeye. Hakukuomba uende na beseni."