Sufuria ya Bata Mzinga

Glenda Horsfall hakuwa mtu wa kukaa. Kiti alikijua kwa kukifuta vumbi. Ujana wake wote alishona suruali katika kiwanda cha pale bondeni, na kiwanda kilipofungwa akaingia jikoni mwa shule kuwapikia watoto. Alipostaafu akaigeukia nyumba yake mwenyewe: leo mapazia, kesho zulia, keshokutwa makabati yote nje. Mumewe, Roy, dereva wa basi mstaafu mwenye magoti mabovu, alizoea kuzungumza naye huku akimfuata kwa macho huku na huku, kama mtu anayetazama mpira wa meza.

Kitu kimoja tu kilimtuliza kidogo, nacho kilikuja mara moja kwa mwaka. Siku ya pili ya Krismasi, Glenda aliichambua nyama ya bata mzinga iliyobaki na kuipikia mchuzi wa bizari. Upishi huo aliupata kwa mama yake, na mama yake aliusoma nyuma ya kopo la bizari: vitunguu, tufaha lililokatwakatwa, konzi ya zabibu kavu, unga wa njano, na supu ya mifupa iliyochemka tangu usiku wa sikukuu. Bi Surinder, aliyeshona naye meza moja kiwandani, aliwahi kuonja akamuuliza kwa upole, "Glenda, hii zabibu imepotea njia, au?" Glenda alicheka mpaka akakosa pumzi. Lakini zabibu hakuacha kutia.

Pale Ellenroyd, mji wao wa kaskazini mwa Uingereza, nyumba zimepandana ubavuni mwa kilima. Ya chini mlango wake uko kwenye barabara ya mtoni. Iliyo juu yake, mlango uko nyuma, kwenye barabara ya mlimani. Kwa hiyo wewe na anayeishi juu ya dari yako mnaweza kukaa mwezi mzima hamjaonana. Juu ya akina Horsfall aliishi Bwana Clifford Uttley, karani wa bima aliyestaafu, mtu asiyewahi kuoa, aliyevaa tai hata akitoa takataka. Kila siku ya pili ya Krismasi harufu ya bizari ilipomfikia, alipiga sakafu kwa fimbo. Roy alimwita "saa ya ukutani". Ndani kwake hawakuwahi kukanyaga.

Mwaka ule mvua ilinyesha Desemba yote. Wazee walisema hawajaiona ya namna ile, na safari hii hakuna aliyewabishia. Krismasi yenyewe Glenda na Roy waliila wawili, kwa sababu Kerry, mtoto wao wa pekee, alikuwa zamu. Kerry ni muuguzi upande wa pili wa milima, Burnley. Alisema akitoka zamu ya usiku ataendesha moja kwa moja hadi kwao, mchuzi aukute mezani. Basi bata mzinga akabaki karibu mzima, na Glenda akalala akimfikiria Kerry na barabara.

Kulala, ni kusema tu. Kulipopambazuka alishakwenda dirishani mara nyingi kiasi kwamba Roy alimwambia, "Mpenzi, ule mto haukujui. Hauwezi kukuogopa."

"Umepanda, Roy."

"Umepanda tangu juzi."

Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ulikuwa unatoa mlio usio wa kawaida, kama malori yanayopita mbali bila kukoma. Glenda aliwasha gesi akakaanga vitunguu. Kerry akapiga simu: "Mama, natoka sasa. Wali uwe mwingi, nina njaa ya kula meza."

"Kuna mvua, Kerry. Ngoja ipungue."

"Ikipungua itakuwa Pasaka. Natoka." Akakata.

Glenda alitia bizari, akatia tufaha, akamimina supu. Ilipoanza tu kutokota, king'ora kikalia bondeni. Ni kile cha kizamani, kinachopanda na kushuka kama mtu anayelia msibani, na kila mtu wa pale anajua maana yake: mto umetoka.

Roy alisahau magoti. Alibeba runinga hadi vyumba vyao vya kulala vya juu, akashuka, akabeba viti, akashuka tena. Nje watu walikuwa wakiitana, wanaburuta mifuko ya mchanga. Maji hayakungoja mlango. Yalichipuka sakafuni jikoni, kati ya vigae, meusi na baridi.

"Tutoke!" Roy alipaza sauti kutoka ngazini. "Glenda, tarumbeta langu! Liko nyuma ya kochi! Lichukue!"

Glenda alisikia. Hilo halina ubishi, alisikia kila neno. Tarumbeta lilikuwa nyuma ya kochi kwa sababu Roy alitoka kupiga nyimbo za Krismasi na bendi yao mkesha wa sikukuu. Alipewa na mjomba wake akiwa kijana, na halikuwahi kulala nje ya nyumba aliyolala yeye. Glenda alisikia, akazima gesi, akafunika sufuria, akaifunga mfuniko kwa taulo, akatia nyama kwenye mfuko wa plastiki, akatoka.

Walipanda ngazi za mawe zinazozunguka hadi barabara ya juu, mvua ikiwapiga usoni. Katikati ya ngazi Roy alisimama kushika goti, akamtazama.

"Liko wapi?"

Glenda alitazama mikono yake mwenyewe kama ya mtu mwingine.

"Umechukua mchuzi," Roy alisema.

"Nimechukua mchuzi."

Roy aligeuka ashuke. Chini, maji yalishafika dirishani kwao na mlango ulikuwa umefunguka wenyewe. Glenda alimkamata koti kwa mkono wenye nyama, akamng'ang'ania. Roy aliyatazama maji. Akageuka tena, akaendelea kupanda.

Bwana Uttley alifungua mlango akiwa na joho la kulalia, na ndani ya joho, tai. Aliitazama sufuria kabla ya kuwatazama wao.

"Bi Horsfall. Hicho ndicho kile kitu?"

"Ndicho, Bwana Uttley. Na huyu ni mume wangu. Tunaweza kuingia?"

Alifikiri kidogo. "Futeni miguu," akasema, akasogea.

Umeme ulikatika hawajavua makoti. Simu nayo ikawa haishiki. Kutoka dirisha la Bwana Uttley waliona barabara yao imekuwa mto wa pili: mapipa ya takataka yanakwenda, benchi la kituo cha basi linakwenda, mti wa Krismasi wa mtu unakwenda na taa zake shingoni. Roy alikaa kwenye ngazi za ndani, uso ukutani. Glenda alizunguka kutoka dirisha la mbele hadi mlango wa nyuma, kutoka mlango hadi dirisha, mpaka Bwana Uttley akasema, "Bi Horsfall, zulia hilo lilikuwa la mama yangu."

"Naomba jiko lako."

"Jiko langu?"

"Mikono yangu hii nisipoipa kazi nitapiga mayowe, Bwana Uttley. Nitapiga hapa hapa, sebuleni kwako."

Akampa kiberiti.

Gesi ilikuwepo. Glenda alipasha mchuzi, akautia nyama, akatia zabibu alizozikuta kabatini mwa mwenye nyumba bila kuomba. Alikoroga, akaacha, akaenda mlangoni kutazama barabara inayoshuka kutoka mlimani, akarudi akakoroga. Kerry angekuwa ameshafika. Hata kwa mvua, hata kwa mwendo wa kobe, angekuwa ameshafika. Na Roy pale ngazini, hasemi. Laiti angefoka! Roy akifoka huwa yamekwisha, anatafuta biskuti. Ukimya huu hakuuzoea. Kila akipita karibu naye alitaka kusema samahani, na kila akifungua kinywa kilitoka kitu kingine: "Una baridi?" "Unataka chai?" Roy alitikisa kichwa.

Mlango uligongwa. Alikuwa kijana wa kikosi cha uokoaji, maji yanamtiririka kofiani, anahesabu watu nyumba kwa nyumba.

"Mko wangapi? Mna mgonjwa?"

"Barabara ya juu inapitika?" Glenda aliuliza. "Ya Burnley."

"Hiyo isahau, mama. Ukingo umemeguka kule kwenye daraja dogo. Kuna gari limechukuliwa na maji."

"Gari gani?"

"Dogo tu. La bluu. Au kijani, sikuliona mwenyewe." Akaenda nyumba ya pili.

Gari la Kerry lilikuwa la bluu.

Glenda alirudi jikoni, akashika mwiko. Alikoroga polepole, halafu kwa nguvu, halafu kama mtu anayesonga ugali wa harusi, nyama ikaanza kukatika nyuzinyuzi. Bwana Uttley alisimama mlangoni kwa muda akimtazama, kisha akaondoka. Glenda hakumwambia Roy. Amwambie nini? Kwamba kuna gari? Akilini alipanga maneno, akayapangua. Mwisho yakatoka yasiyo yenyewe, tena kwa kelele:

"Basi sema, Roy! Sema nimeliua tarumbeta lako! Nilikusikia! Nilikusikia nikachukua sufuria, sijui kwa nini, sijui! Nitukane, lakini usinikalie kimya hivyo!"

Roy aliinua kichwa, macho mekundu. "Tarumbeta?"

"Ndiyo, tarumbeta!"

"Lile ni shaba, Glenda. Naliosha kwenye bafu kila mwaka, hujaniona? Matope yatatoka, mafuta kidogo kwenye vali, basi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ngazini pale nilikasirika, sikatai. Nikasahau kabla hatujafika juu."

"Sasa umenuna nini?"

"Tangu tuingie nahesabu moyoni barabara ile, kona kwa kona. Nimeiendesha na basi miaka yote. Najua pale darajani palivyo. Na yule kijana nimemsikia. Bluu au kijani."

Glenda aliuweka mwiko chini. Alikaa kwenye ngazi, karibu naye, na Roy akamshika mkono wenye harufu ya bizari. Hawakuambiana kitu cha kufariji, maana hakikuwepo. Kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake jambo lile lile. Walikaa hivyo mpaka Bwana Uttley akasema kutoka jikoni, kwa sauti isiyo na uhakika, "Bi Horsfall, kinaanza kushika chini. Nifanye nini?"

"Koroga," alisema Glenda, hakuinuka. Na Bwana Uttley akakoroga.

Mchana ulikuwa umesogea walipomsikia mtu anagonga milango ya barabara ya juu mmoja baada ya mwingine, anauliza kwa sauti iliyokauka, "Horsfall? Mmewaona akina Horsfall wa chini?" Glenda alifika mlangoni kabla Roy hajainuka. Kerry alikuwa katikati ya barabara, sare ya kazi imemgandama mwilini, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi tu.

Usidhani walikumbatiana.

"Wewe mtoto una akili?" Glenda alifoka. "Nilikwambia ngoja! Sikukwambia ngoja?"

"Na nyinyi simu zenu ziko wapi?" Kerry naye alifoka, analia. "Nimesimama kule juu naiona nyumba, maji yamefika dirishani, mlango wazi! Mlango wazi, mama! Nilidhani..."

"Tulidhani sisi! Gari lako..."

"Nimeliacha kwenye baa ya kileleni. Nimeshuka na njia ya kondoo."

"Na kiatu?"

"Kondoo wamebaki nacho!"

Roy ndiye aliyewashika wote wawili shingo, akawaingiza ndani. Baadaye walisikia kwamba gari lililochukuliwa lilikuwa limeegeshwa, halina mtu.

Walikula kwenye sahani za mama yake Bwana Uttley, zenye maua ukingoni, ambazo inaelekea hazikuwa zimetoka kabatini tangu azikwe. Wali ulikuwa bokoboko, maana mpishi wake alikuwa mwenye nyumba. Nyama ilikuwa imevurugika kwa kukorogwa, chini imeungua kidogo, lakini mchuzi ulikuwa mzito, wa moto, na ulishuka kifuani kama blanketi. Kerry alikula bila kuinua uso. Bwana Uttley alianza na kijiko kimoja cha adabu. Halafu akajipakulia.

"Harufu hii itakaa kwenye mapazia yangu mpaka majira ya joto," alisema.

"Mapazia nitayafua," Glenda alisema.

"Sikusema yafuliwe." Akajipakulia tena.

Kerry alisinzia mezani na kijiko mkononi, wakamlaza kwenye kochi, wakamfunika joho la Bwana Uttley, aliyebaki na tai yake na sweta. Glenda aliosha vyombo kwa maji ya baridi, akavifuta, akavipanga. Mtoto amelala, mume ameshiba, angeweza sasa kukaa. Alikaa. Akahesabu maua ya sahani moja kwa macho. Akasimama, akaenda dirishani. Maji yalikuwa yanashuka, yanaacha barabara imevaa matope mazito, na mvua iliyokuwa imekatika ilianza tena, nyepesi. Alichukua koti.

"Unaenda wapi?" Roy aliuliza.

"Kuangalia tu."

"Hakuna cha kuangalia. Ni matope."

"Najua."

Roy aliguna. Kisha akaegemea meza, akainuka goti moja baada ya jingine, akavaa koti lake lililokuwa bado linachuruzika. Walishuka ngazi za mawe pamoja, yeye ameshika ukuta, mkewe amemshika yeye. Ndani kwao palinuka mto na mafuta ya taa. Alama ya maji ilipita ukutani juu ya jiko, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula, na Glenda aliigusa kwa kidole, akakifuta kidole kwenye koti. Roy aliinama nyuma ya kochi, akainuka na kisanduku kinachodondosha matope, akakiweka kifuani bila kukifungua.

Wakati wa kutoka Glenda alijaribu kuufunga mlango. Mbao zilikuwa zimevimba, zinagoma. Alisukuma kwa mkono, akasukuma kwa bega.

"Uache, Glenda," Roy alisema. "Nani ataingia?"

Alisukuma mara moja tena, kisha akauacha wazi hivyo hivyo, wakapanda.