Chuo Kimoja Nilichokificha

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka naiona kama vile ni ya jana. Ni siku ya arobaini ya babu yetu mdogo kule Kitomanga, mwaka ule niliomaliza kidato cha sita. Sikuwa nimepanga kukusimulia. Lakini juzi niliingia chumbani kwako nikakuona unaigeuza simu upesi, kioo chini. Na jana nikamsikia baba yako, kaka yangu, akinong'ona mlangoni na mnunuzi wa kangomba. Nikajua yanarudi yaleyale. Basi kaa hapa umsikilize shangazi yako.

Nilifaulu vizuri. Sisemi kwa kujisifu, maana nilisoma kwa hofu tu, nikiogopa kurudi kuokota korosho na vitabu vyote vile kichwani. Matokeo yalipotoka, bibi yangu aliyenilea, Bi Somoe, alifunga mlango akanikalisha kitandani.

"Mjukuu wangu, hasidi hana sababu," akasema. "Usimwambie mtu unaomba chuo gani. Hata mwalimu wako akikuuliza, sema bado unawaza."

Akanihadithia habari za kijana mmoja aliyetangaza safari yake ya masomo kabla ya kuondoka, akaamka asubuhi mguu umevimba, asiende popote. Mguu wenyewe sikuuona, lakini nilianza kuuota.

Kwetu, unajua mwenyewe, jambo la kheri hufichwa. Mimba hufichwa, safari hufichwa, posa hufichwa mpaka mahari yafike. Nami nikakificha chuo. Nilichagua kimoja tu, kile chenye jina kubwa kuliko vyote Dar es Salaam, kwa sababu ndicho pekee nilichokuwa nikikisikia redioni. Vingine ningevijuaje bila kuuliza, na kuuliza ndiko kulikokatazwa? Nikajaza fomu peke yangu, nikaipeleka posta Lindi mjini peke yangu, na kila aliyeniuliza siku hizi nafanya nini nikamjibu, "Nipo nipo tu."

Aliyejua ni baba yangu, babu yako. Ada hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mikorosho, ile ya nyuma ya nyumba na ile ya bondeni, na tayari alikuwa ameanza kuzungumza na mtu wa kangomba. Hawa ni wale wanaokupa fedha leo, korosho zikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika wanakuja kuzoa zote. Msimu mmoja tungeweza kuuvumilia. Chuo ni misimu mitatu, na nyumba nzima ilikula kwa mikorosho ile. Baba alilijua hilo, nami nililijua, ila hatukuambiana. Niliogopa kukosa chuo, na niliogopa kukipata.

Sasa siku hiyo ya arobaini watu walijaa uani. Kwenye misiba yetu mtani hana mipaka, na ukimkasirikia wewe ndiye mwenye kosa. Mtani wa ukoo wetu alikuwa Mzee Nangomwa, mzee mwembamba mwenye sauti ya kupasua. Alikuwa amevaa kanzu na kofia ya marehemu, anaiga alivyokuwa akikohoa, watu wanacheka huku wanajifuta machozi. Mara akanigeukia mimi.

"Jamani, mmemwona binti huyu? Nimemkuta posta juzi kakumbatia bahasha moja kama mgonjwa wa tumbo. Namwuliza, mwali, kulikoni? Ananiambia katumwa chumvi! Siku hizi chumvi inauzwa posta?"

Watu wakaangua kicheko.

"Anaomba chuo!" akaendelea. "Tena kimoja! Na nyie wala panya mnajua, hakuna anayetega mtego mmoja shamba zima akalala akisubiri kitoweo."

Bibi aliinuka mkekani. "Nangomwa, funga mdomo! Unaniulia mtoto!"

"Mficha uchi hazai, Somoe. Mkimficha hivi, hicho chuo chenyewe kitamjuaje? Haya, nileteeni jogoo ninyamaze."

Sikungoja jogoo. Nilikimbilia nyuma ya jiko, walipokuwa wanawake wakichagua mchele, nikachutama ukutani. Na unajua nilifanya nini? Nilipandisha khanga nikautazama mguu. Ucheke, mwanangu, hata mimi leo nacheka, lakini siku ile niliubonyeza mguu ule huku nalia, nikiamini kijiji kizima kimeshanitia jicho.

Aliyenifuata ni Mwalimu Fatuma wa Rasbura, kule Lindi mjini, mpwa wa marehemu, ungo wa mchele bado mkononi. Yeye alikuwa amelipiwa ada na chuo alichosoma kwa sababu ya alama zake, na sisi tulilijua hilo, lakini sikuwahi kumwuliza neno. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kando yangu.

"Ni kweli umeomba kimoja tu?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Watakulipia ada?"

"Sijui."

"Uliwauliza?"

"Niliogopa, Mwalimu."

Akaweka ungo chini. Angenifokea ningeona afadhali. Alisema polepole, kama mtu anayempa mwenzake habari ya msiba. "Chuo hicho kimejaa watoto wenye alama kama zako na kuzidi. Pale wewe ni punje ndani ya gunia, nani atainama akuokote? Viko vyuo vingine ambavyo kwa alama hizohizo utakuwa miongoni mwa wa mbele, na vyuo hivyo hutenga nafasi za kuwalipia wa mbele ili wasiende kwingine. Lakini maombi ya ufadhili hufungwa mapema kuliko maombi ya chuo. Vingine vinafunga wiki hii. Ningezisikia habari zako mwezi ujao, ningekupa pole tu."

Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa mguu. Nilikuwa nimekaa kimya kujilinda, na kimya chenyewe ndicho kilichokuwa kikinimaliza.

Kesho yake nilikuwa Rasbura sebuleni kwake. Hakunichagulia. Aliniuliza nataka kusomea nini, na ni wapi kati ya vyuo vinavyofundisha jambo hilo alama zangu zingeng'aa. Kile kikubwa hakukifuta, alisema kiache palepale, huenda kikakuona. Ila tukaongeza vingine, na kwa kila kimoja alinipa simu yake niulize mwenyewe: mnawalipia waliofaulu, mnalipa ada tu au na chakula na malazi, mnalipa mwaka mmoja au mpaka mwisho? Na swali moja ambalo peke yangu nisingelifikiria hata kidogo, kwamba nikishuka alama, je?

Kungoja kulikuwa kugumu. Bibi alininywesha kombe, maji yaliyooshea maandishi ya dua, asubuhi na jioni. Kila nikiumwa na mbu nilidhani ndiyo mwanzo wa mguu kuvimba. Kisha kile chuo kikubwa kikajibu kwanza. Kimenichukua, ada juu yangu. Wanawake wakapiga vigelegele, baba akatabasamu, akavaa kofia akatoka nyuma ya nyumba. Nilimchungulia. Alisimama kwenye mkorosho mkubwa kauwekea mkono shinani, na mimi nilitamani chuo kile kisingenijibu kabisa.

Ijumaa baada ya swala mtu wa kangomba alikuja. Alikaa barazani, akapewa kahawa, akaanza kusifia maua ya mikorosho yetu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeishiwa na dua. Ndipo Mwalimu Fatuma alipoingia uani akihema, ameshuka kwenye gari la Lindi na kutembea kwa haraka, akaniita kwa jina langu lote. Chuo kimoja kidogo, huko nyanda za juu kwenye baridi, chuo ambacho hakuna mtu wa Kitomanga aliyewahi kukisikia, kimepiga simu. Kitanilipia ada yote na malazi, alimradi nisishuke alama.

Baba aliinua kikombe kitupu cha mgeni. Kisha akamwambia mgeni wake kwa upole, "Kahawa umeshakunywa, bwana. Karibu tena siku nyingine."

Usidhani hofu iliishia hapo. Kule baridini, kila mtihani nilimwona yule bwana barazani na kahawa yake. Nilimaliza na hofu yangu, lakini nilimaliza. Bibi yangu naye hakukubali kushindwa. Alisema, "Waliojua walikuwa wengi mno, hasidi alishindwa kuchagua zamu." Na Mzee Nangomwa, Mungu amrehemu, alikula jogoo wake wa pili siku niliyohitimu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikuambii hasadi haipo. Siwezi kumkana bibi yangu naye yuko kaburini. Nakuambia tu kwamba jicho la watu sijaliona likifunga dirisha la maombi, lakini ukimya nimeuona. Mtafute aliyetangulia, hata kama ni mtoto wa jirani msiyesalimiana, umwulize. Kuuliza si ujinga. Chuo chenye jina kubwa kiombe, sikukatazi, ila usikipende peke yake. Tafuta na vile ambavyo wewe utakuwa wa mbele, hata kama ukivitaja sokoni hakuna atakayegeuka, maana huko ndiko anayefaulu anakolipiwa. Mchagua jembe si mkulima. Ufadhili uulize kabla ya chuo, kwa sababu mlango wake hufungwa kwanza, na usiupokee mpaka ujue ni kipi kitakachokufanya uupoteze. Na ukipata hofu, nenda nayo, mimi nilikwenda nayo.

Nami naogopa, nisikufiche. Mikorosho aliyokuwa akizungumzia baba yako mlangoni jana ndiyo ileile, na ule mkorosho mkubwa bado upo. Nimemwomba asimpe mtu yule neno mpaka mimi na wewe tuzungumze, naye amekubali, lakini nimeona uso wake. Ni uso wa babu yako.

Basi lete hiyo simu uiweke hapa katikati ya mkeka, unioneshe ulichoomba. Kama ni kimoja, sitakucheka, tutaongeza leo hii. Mungu akufungulie mlango ulioandikiwa, akukinge na jicho la hasidi na hofu yako mwenyewe, akupe kinywa cha kuuliza, na msimu ukifika, baba yako aokote korosho zake zikiwa bado ni zake. Amina, mwanangu.