Kopo la Lebo ya Buluu

Lavonne Hruska alikuwa mpishi wa shule kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na jambo ambalo hakuwahi kulivumilia jikoni ni kopo lililoandikwa hiki na kutiwa kile. Aliwahi kumwaga unga wa wiki nzima mbele ya mwalimu mkuu kwa sababu msaidizi wake alikuwa ameuchanganya na mabaki ya unga mwingine. "Ni unga tu, Lavonne," mwalimu mkuu alisema. Lavonne alimtazama kama mtu aliyetema mate sakafuni.

Mumewe, Ernie, alikuwa hivyo hivyo kwa baruti. Katika chumba cha chini ya nyumba yao, Nebraska, alikuwa na benchi la kujazia upya maganda ya risasi za bastola. Wanachama wote wa kilabu cha shabaha walifanya kazi hiyo majumbani mwao. Risasi za dukani waliziona kama chakula cha kantini. Benchi la Ernie lilikuwa na sheria mbili. Kopo moja tu la baruti juu ya meza. Na kazi ikiisha, baruti iliyobaki kwenye kipimio, kile chombo cha kupimia baruti ya kila ganda, inarudi kwenye kopo lake kabla mtu hajapanda ngazi.

Ernie alipofariki, mdogo wake Milo akaanza kuja kila Jumapili kumjazia shemeji yake risasi. Lavonne angeweza kujaza mwenyewe, Ernie alimfundisha. Lakini Milo hakuwa na mke wala mtoto, na Lavonne naye hakuwa na mgeni mwingine wa kubisha mlangoni kwake. Akamwachia benchi, akampa na ufunguo. Milo alikuja na kolachi, vile vikeki vya hamira vyenye jamu ya plamu katikati, akavila huku anafanya kazi. Nyumba ikapata sauti ya mtu.

Kilabuni, wanaume walikuwa wamegawanyika tangu zamani: wa kopo jekundu na wa kopo la buluu. Wa jekundu walisema baruti ya buluu inachafua mtutu. Wa buluu, Ernie akiwemo, walisema ile nyekundu inanuka. Milo ndiye aliyewaumbua wote. Alifungua vitabu vya vipimo vya makampuni yote mawili juu ya kaunta, akawaonyesha kwamba vinalingana mstari kwa mstari. Kisha akampigia simu msambazaji, spika ikiwa wazi, na msambazaji akakiri: kiwanda kimoja, baruti moja, lebo mbili.

"Stan," Milo alimgeukia mzee mmoja wa buluu, "ile harufu bado unaisikia?"

"Nyamaza, Milo."

"Nauliza tu. Pua yako inasoma lebo?"

Kilabu kizima kilicheka, Lavonne naye akacheka. Milo alikuwa sahihi, hakuna aliyebisha. Balaa lilianzia hapo, maana tangu siku hiyo Milo hakuona tena haja ya kuuliza kitu.

Jumamosi moja kilabuni Lavonne alifyatua bastola ya Ernie, mkono ukarushwa juu vibaya, mlio ukawa mkali hadi mpigaji wa pembeni yake akageuka. Hakufyatua tena. Alitoa risasi zote, na ganda lililotumika likakataa kutoka mpaka alipolisukuma kwa kijiti. Kitako chake kilikuwa kimetuna upande mmoja kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Lingepasuka, moto wote ungemrudia mkononi.

"Bastola imezeeka, shemeji," Milo alisema nyuma yake. "Imemfuata mwenyewe."

Lavonne akalitia ganda mfukoni. Alikwenda nyumbani, akashuka ngazi.

Kipimio kilikuwa na baruti hadi shingoni. Juu ya meza palikuwa na makopo matatu: jekundu na la njano, yote matupu, na la buluu limejaa pomoni. Lavonne akamimina kidogo kwenye karatasi nyeupe. Vipunje vya kijivu vilivyobapa alivijua. Katikati yake mlikuwa na vipande vingine, vyembamba, vya duara, vinavyong'aa, vya baruti iwakayo upesi zaidi. Rangi ilikuwa moja, kwa jicho la haraka usingevitenga. Akahisi kinywani ladha ya mtu aliyekuta unywele kwenye supu baada ya kuimeza nusu.

Kesho yake Milo alikuja na kolachi zake. Lavonne akamwekea karatasi ile mbele, na ganda lililotuna pembeni.

"Ya njano umeitoa wapi?"

"Madukani hakuna kitu, shemeji. Rafu tupu. Jamaa mmoja akaniachia hiyo. Namba ya aina kwenye lebo ni ile ile."

"Namba."

"Na rangi ile ile! Si nilithibitisha mbele ya kilabu kizima kwamba haya mambo ni lebo tu?"

"Ulithibitisha makopo mawili, Milo. Hili la tatu ulimpigia simu nani?"

Milo alilamba jamu kidoleni. "Zinafanana."

"Magadi ya kuokea na sukari ya unga vinafanana. Watoto wa shule ningewapa kipi?"

"Haya, moja nimekosea. Lakini nyekundu na buluu nilikuwa sahihi. Hilo huwezi kuninyima."

Hilo ndilo lililomchukiza Lavonne. Ganda lilikuwa pale, limetuna, na mtu huyu alikuwa anakumbatia ushindi wake.

"Na ile ya Ernie?" aliuliza. "Kopo alilofungua mwenyewe?"

"Imo humo humo. Ya nini ikae peke yake?"

Lavonne akamwekea nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi na sanduku zima la risasi alizokuwa amejaza Milo. Milo aligonga mchana kutwa, moja baada ya nyingine, mkono ukimuuma, na baruti yote wakaitoa nje wakaisambaza kwenye majani karibu na vitunguu, kama wafanyavyo watu wa huko na baruti iliyoharibika.

"Nyasi hazisomi lebo," Milo alitania, akimtazama Lavonne usoni aone kama atacheka.

Lavonne alinyoosha kiganja. "Ufunguo."

"Shemeji, nisije tena?"

"Njoo. Jikoni kuna kahawa. Huko chini nitashuka mwenyewe."

Milo bado huja kila Jumapili. Hukaa jikoni, husimulia tena jinsi alivyomnyamazisha Stan, na huacha sahani ya kolachi mezani. Lavonne huchukua moja, huipasua katikati, na kabla ya kuitia mdomoni huigeuza kwenye mwanga wa dirisha, aone kilichomo.